Nimeandika wasifu za watu wengi, wa Yesu ndio umenishinda

Kazi yangu ni kuwaandikia watu wasifu. Siivii za kuombea kazi, maelezo ya mtu anayepewa tuzo, hotuba ya kumuaga anayestaafu, na zile za msibani zinazosomwa kabla ya kwenda kuzika. Mtu anakuja na bahasha ya vyeti anakaa mbele yangu anaanza kusimulia, mi naandika, namuuliza mwaka gani, ulikuwa na cheo gani, ulianzia wapi ukaishia wapi. Ukiifanya hii kazi muda mrefu unapata jicho fulani, unajua mara moja kipi mtu anajivunia kutoka moyoni na kipi amekitaja tu ili karatasi ijae, na unajua pia akiruka mwaka mzima bila kuutaja kuna kitu pale, unauacha ulivyo.

Naomba nieleweke mapema kabla mtu hajanirukia. Mi siyadharau mafanikio ya watu hata kidogo. Nimemwandikia mtu aliyesoma huku analea wadogo zake baada ya wazazi kufariki, leo ni daktari bingwa, sasa ukija kuniambia hayo yote ni takataka tutagombana. Kuna mahubiri ya namna hiyo, yanamkuza Yesu kwa kuwaponda watu, digrii zako si kitu, nyumba yako si kitu, kazi yako si kitu, na mara nyingi anayehubiri hivyo jina lake kwenye bango limetanguliwa na vyeo hadi bango limebanana. Yesu hana shida ya watu kufupishwa ndo aonekane mrefu.

Mimi ukubwa wake nilianza kuuona kupitia kazi hii hii ya makaratasi, na nilianza kuuona wakati kazi imekauka. Wateja walipotea, nikaamua na mimi niombe kazi ya kuajiriwa, nikatengeneza siivii yangu mwenyewe kwa ufundi wote ninaoujua, nikaituma huku na kule. Kimya. Wateja wangu wanaitwa kwenye usaili kwa karatasi nilizoandika mimi, ya kwangu hata meseji ya kusema "tumeipokea" haikuja. Basi nikawa na katabia ka usiku, kabla ya kulala nafungua ile siivii naisoma tu. Sirekebishi chochote, naisoma kama mtu anayejihakikishia kwamba bado yupo.

Ni kipindi hicho nilikuwa nasoma Wafilipi, ile barua ya mtume Paulo, nikafika sura ya 3, na kwa mazoea ya kazi nikaisoma kama siivii ya mteja. Yaani Paulo kaanza vizuri. "Nalitahiriwa siku ya nane, ni mtu wa taifa la Israeli, wa kabila ya Benyamini, Mwebrania wa Waebrania, kwa habari ya torati, ni Farisayo." Asili, elimu, msimamo, rekodi ya utendaji, vyote kwenye mistari miwili, hakuna neno la kujazia. Na kuna kitu kikubwa hata hajakiweka, kwamba alifundishwa miguuni pa Gamalieli, hiyo utaikuta Matendo 22. Mtu aliyesomeshwa na mwalimu wa kiwango kile anaisahau vipi kwenye siivii? Mteja wangu angeiweka juu kabisa kwa herufi za kukolea. Halafu huyu jamaa baada ya kujipanga hivyo anasema "Lakini mambo yale yaliyokuwa faida kwangu, naliyahesabu kuwa hasara kwa ajili ya Kristo", na mstari unaofuata anasema anayahesabu yote hasara "kwa ajili ya uzuri usio na kiasi wa kumjua Kristo Yesu, Bwana wangu".

Nikarudia kusoma. Anasema yalikuwa faida. Hajasema yalikuwa ya uongo, hajasema kabila lake halina maana au shule yake ilikuwa ya ovyo. Na anaandika akiwa amefungwa, sura ya 1 anataja vifungo vyake waziwazi. Mi nikiwa sina kazi tu naishika siivii yangu kama mtu anayezama, yeye yuko kwenye minyororo anaiweka ya kwake chini bila mtu kumlazimisha. Kilichonikamata zaidi ni kwamba upande wa pili wa mizani hajaweka siivii ya Yesu ashindanishe, kwamba Yesu alifanya hiki na hiki mimi nilifanya kile. Kaweka kumjua. Karatasi iko upande mmoja na mtu yuko upande mwingine, na hapo nikaelewa kwa nini ile siivii yangu ya usiku haikuwa inanisaidia, maana mimi naijua yote neno kwa neno lakini yenyewe hainijui.

Paulo ana siivii nyingine watu hawaisemi sana, iko 2 Wakorintho 11. Mle anaorodhesha alivyopigwa viboko thelathini na tisa mara tano, akapigwa kwa bakora mara tatu, akapigwa kwa mawe mara moja, akavunjikiwa jahazi mara tatu. Na mstari wa mwisho kabisa wa orodha, mahali ambapo mimi ningeweka tuzo kubwa kuliko zote, kaweka habari ya kushushwa dirishani ndani ya kapu, ukutani mwa Dameski, akikimbia kukamatwa. Kapu! Mtu anamalizia siivii na kutoroka kwenye kapu. Ningekuwa namwandikia mimi ningemwambia mtumishi hiyo tuitoe, inakuharibia.

Baada ya hapo nikawa siwezi tena kusoma Biblia bila jicho la kazi, na hapo ndo nikaanza kujiuliza, hivi mimi nikipewa kazi ya kuandika wasifu wa Yesu naanzaje? Nikajaribu kweli, nikakaa na karatasi.

Shida ya kwanza ni kwamba mteja mwenyewe anakataza. Kamponya mwenye ukoma, Marko 1, anamwambia angalia usimwambie mtu neno lolote. Kamfufua binti Yairo, sura ya 5, anawaagiza sana mtu asijue, halafu anasema apewe chakula. Mimi nina wateja waliohudhuria semina ya nusu siku wanataka iandikwe, huyu kafufua mtoto anawaza mtoto ale. Shida ya pili sifa anazigawa. Yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, waganga wameshindwa na mali zake zimeisha, anapona kwa kugusa vazi la Yesu, na Yesu anamwambia "Binti, imani yako imekuponya". Sasa mimi hapo niandike nini kwenye sehemu ya mafanikio binafsi? Kila ninachotaka kuandika kina jina la mtu mwingine ndani yake, kipofu fulani, mjane fulani, mtoza ushuru fulani aliyekuwa juu ya mkuyu. Ukiwatoa hao karatasi inabaki nyeupe.

Na bado mtu huyo huyo asiyetaka itangazwe, anasimama Mathayo 12 anasema hapa yupo aliye mkuu kuliko hekalu, hapa yupo aliye mkuu kuliko Yona, kuliko Sulemani. Hekalu lenyewe lililokuwepo ni lile Herode alilolijenga upya kwa fahari, Wayahudi wanasema Yohana 2 kwamba limejengwa miaka arobaini na sita. Anayeyasema haya ni fundi seremala wa Nazareti. Hakuna njia ya katikati hapo, ama amechanganyikiwa ama ni kweli. Mwaka 70 jeshi la Warumi chini ya Tito likalichoma lile hekalu, halikujengwa tena mpaka leo.

Nikataka nimlinganishe na mtu wa zama zake, nikakutana na Kaisari Augusto, yule wa Luka 2 aliyetoa amri watu waandikwe, ambaye kwa sababu ya amri yake Yusufu na Mariamu wakaenda Bethlehemu. Kumbe Augusto aliandika wasifu wake mwenyewe! Aliacha agizo uchongwe kwenye nguzo za shaba mbele ya kaburi lake kule Roma. Nimeusoma, kwa kweli kama mtu wa fani nilivua kofia. Anaanza na jinsi alivyokusanya jeshi kwa gharama zake mwenyewe akiwa na miaka 19, halafu ni vita alizoshinda, heshima alizopewa, heshima alizozikataa (hiyo nayo kaiandika, wateja wa namna hiyo ninao), pesa alizogawa, na anasema alikarabati mahekalu 82 ya Roma kwa mwaka mmoja. Nilifanya nilishinda nilijenga nililipa, mwanzo mpaka mwisho. Zile nguzo za shaba zimepotea, maneno tunayo kwa sababu nakala yake ilichongwa kwenye ukuta wa hekalu moja Ankara, Uturuki. Augusto akafa mwaka 14. Na mwisho wa ule wasifu kuna kipande cha nyongeza hakisemi "mimi", kinasema "yeye". Kimeongezwa na mtu mwingine baada ya mwenyewe kuondoka.

Hapo nilisimama, maana hiyo naijua. Kila wasifu niliowahi kuandika, mwenye nao hawezi kuumalizia, hata awe nani. Naandika mistari yote tunakubaliana, lakini ule wa tarehe ya mwisho anakuja kuniletea mtoto wake au mdogo wake, tena mara nyingi kwa haraka kwa sababu msiba umeshaingia.

Sasa wa Yesu. Maandishi pekee aliyoandikiwa hadharani akiwa bado hai ni ile anwani ya Pilato juu ya msalaba, "YESU MNAZARETI, MFALME WA WAYAHUDI", kwa Kiebrania, Kirumi na Kiyunani. Na makuhani wakaleta marekebisho! Hii sehemu huwa nacheka peke yangu kwa sababu ndo maisha yangu, andiko limeshatoka halafu mtu anakuja badilisha hapa, usiandike ni mfalme, andika yeye alisema ni mfalme. Pilato akajibu "Niliyoandika nimeyaandika", jibu ambalo mimi nimetamani kulitoa mara nyingi sana sijapata ujasiri. Aliandika pengine kwa kejeli, na ndo wasifu sahihi kuliko wote.

Lakini nilipofika Luka 24 karatasi nikaiweka pembeni. Wanafunzi wawili wanatembea kwenda Emau, wamevunjika moyo, Yesu mwenyewe anaungana nao hawamjui, anawauliza mambo gani mnayozungumza. Na Kleopa anamsomea wasifu wa marehemu. Ndicho anachofanya pale, hakuna kingine, "mtu nabii, mwenye uwezo katika kutenda na kunena mbele za Mungu na watu wote", halafu jinsi alivyohukumiwa, jinsi alivyosulubiwa, halafu "nasi tulikuwa tukitumaini". Kila kitu kiko sahihi, mfuatano mzuri, ningemwajiri Kleopa kesho. Ila marehemu yuko hapo hapo anatembea naye anamsikiliza, tena anauliza "Mambo gani?" kama vile hajui. Mi nimesoma wasifu za msibani nyingi, na hakuna mwenye wasifu aliyewahi kunikatiza kuniambia mwisho wake sivyo. Augusto nyongeza yake kaandikiwa na mwingine. Yesu nyongeza yake alikuja kuitoa mwenyewe, njiani, kwa miguu, akawafafanulia maandiko kuanzia Musa, wakafika akaingia akamega mkate. Kwa hiyo mtu akiniambia tumlinganishe Yesu na watu waliofanya makubwa duniani, wafalme, wagunduzi, matajiri, huwa namuuliza tu tunalinganisha mpaka mstari upi, kwa sababu wote wana ule mstari wa tarehe halafu kimya.

Kazi zikarudi baadaye, polepole. Mteja mmoja wa kipindi hicho sitamsahau, mama mmoja mstaafu, alikuwa mkunga maisha yake yote. Akaja kutaka aandikiwe wasifu wake wa msiba akiwa mzima kabisa, anasema hataki watoto wagombane nani aanze kutajwa. Nikamwamkia, akakaa, akamwaga vyeti mezani. Nikamuuliza, mama, hivi vyote tuviweke? Akasema "Viweke mwanangu, vilinilisha na kunisomeshea watoto, sivitukani. Ila usianze navyo."

Nikaandika, nikamsomea. Nilikuwa nimeweka ile sentensi ambayo naiweka kwa karibu kila Mkristo, alimtumikia Bwana kwa uaminifu hadi mwisho. Akanisimamisha. "Hapo geuza." Nageuzaje mama? "Andika Bwana alimtumikia. Mimi nimezalisha watoto wa watu usiku na mchana, na huwezi kujua ni usiku mingapi niliingia mle ndani nikiwa sina nguvu wala roho ya kupokea mtoto wa mtu, nikamwambia Yesu ingia wewe. Sasa leo uandike nilimtumikia?" Nikajaribu kumwelekeza kwamba watu watashangaa wakisikia. Akasema washangae, watakuwa wanamsikiliza msomaji angalau mara moja. Nilipofika nyumbani nikatafuta Marko 10:45, "Mwana wa Adamu naye hakuja kutumikiwa, bali kutumika". Mama wa watu alikuwa sahihi, mimi ndo nilikuwa nimeandika kwa mazoea.

Toka hapo nikawa naogopa zaidi siivii za kiroho kuliko za kidunia. Mtu akijivunia digrii unaona waziwazi ni majivuno, lakini akisema nimefunga siku kadhaa, nimeanzisha makanisa kadhaa, nimeombea wagonjwa wakapona, hapo tunasema amina, na inaweza kuwa ni kitu kilekile kimevaa kanzu. Wale sabini wa Luka 10 walirudi na ripoti nzuri, pepo wanatutii kwa jina lako, na Yesu hakuwaambia wanadanganya, ila akawaambia wasifurahi kwa hilo, wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni. Ripoti ya kazi ni ya kweli na bado anawaondoa hapo. Mimi ninayeishi kwa kuandika majina ya watu kwenye karatasi, kusikia kuna mahali jina langu limeandikwa na si mimi niliyeandika wala siivii yangu haikuombwa, ile ilinipa usingizi. Usiku sikufungua tena lile faili, sikujilazimisha kuacha, nilisahau tu.

Kuna Mfaransa mmoja, Blaise Pascal, mtu wa hesabu, bado kijana mdogo akabuni mashine ya kupiga hesabu kumsaidia baba yake na mambo ya kodi, mwaka 1642. Siivii yake inatisha. Alipofariki mwaka 1662 wakakuta karatasi imeshonewa ndani ya koti lake, kaiandika usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, juu kaandika "Moto", na chini yake Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo, na kumhusu Yesu Kristo. Hakuitangaza kokote. Mashine ikajulikana na watu, hiyo karatasi akatembea nayo.

Watu huwa wananiuliza, sasa ina maana tusihangaike, tukae tu tusifu? Hapana bwana, soma, fanya kazi, shinda. Huwa nawatajia Eric Liddell, Mskoti yule, aliyekwenda Olimpiki ya Paris 1924 akakataa kukimbia mita 100 kwa sababu mchujo ulikuwa Jumapili, akakimbia mita 400 akachukua dhahabu kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.6. Alikimbia kwa nguvu zake zote, hakukimbia nusunusu ili aonekane mnyenyekevu. Halafu mwaka uliofuata akaenda China kuwa mmishenari, wakati jina lake bado la moto. Vita ilipokuja akawekwa kizuizini na Wajapani kwenye kambi ya Weihsien pamoja na watoto wengi waliotenganishwa na wazazi wao, akawa anawafundisha sayansi na kuwaandalia michezo, wakimwita anko Eric. Akafia mle kambini Februari 1945, uvimbe kwenye ubongo, ana miaka 43, miezi michache kabla kambi haijakombolewa.

Ila kuna jambo moja la mle kambini ambalo wale waliokuwa watoto walikuja kulisimulia, na mimi nalipenda kuliko ile dhahabu. Liddell msimamo wake wa Jumapili ulikuwa palepale, michezo siku hiyo hapana. Watoto wakacheza hoki Jumapili bila yeye, bila refa, wakaishia kupigana. Jumapili iliyofuata mtu ambaye dunia nzima inamjua kwa kukataa kukimbia Jumapili akaingia uwanjani akawachezeshea. Mstari mkubwa kuliko yote kwenye siivii yake, ule wa kiroho kabisa, ule ambao hata wasioamini waliuheshimu, akauweka chini kwa sababu ya watoto waliokuwa wanaumizana.